Mkwe Chini ya Lami

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam akiwa na picha kwenye simu. Barabara imejengwa juu ya barabara nyingine, magari yanapita juu, magari yanapita chini, na watu wa chini wala hawainui macho. Alinionyesha kwa majivuno, utadhani kaijenga yeye. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nikamwambia, mjukuu wangu, sisi tulikuwa na barabara ya juu na ya chini kabla baba yako hajazaliwa, hapa hapa kati ya Bunda na Musoma, na ile ya chini nusura inikoseshe mume. Akadhani natania. Basi nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo huwa nasimama, narusha mikono, na nusu ya mambo inanipotea.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa ziwa. Maduka, kanisa na kituo cha mabasi vilikuwa upande wa pili, upande wa mawio, na katikati kulikuwa na mbuga ya udongo mweusi. Anayeujua udongo ule hahitaji maelezo. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, masika unashika gurudumu na hauliachii. Barabara ya zamani ilipita mle mle mbugani, na mvua zikianza mabasi yalilala matopeni, abiria wakashuka kusukuma, wakafika Musoma wakiwa na rangi moja wote.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Sitaki kuilia sana, maana tuliokuwa vijana tulicheka hata ndani yake, lakini shida ilikuwa shida. Tulifulia majani ya mpapai. Nilikuwa na gauni moja la kanisani, na mama alikuwa na kitenge kimoja cha heshima ambacho alikiazima kwa jirani na jirani akakiazima kwake, mpaka hatukujua tena kilikuwa cha nani. Sukari ikisikika imefika kwenye duka la ushirika, watu walikimbia wakiacha ugali jikoni. Unapanga foleni tangu asubuhi, unafika mbele, unaambiwa vimebaki viberiti tu.

Kisha kukaja hewa nyingine. Neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuleta nguo za mitumba kutoka huko zitokako. Na katika siku hizo hizo yakaja matingatinga kuijenga barabara upya. Nilikuwa binti wa kuolewa, na nakwambia kweli, sikuwa na usingizi kwa furaha. Kila jioni nilikwenda kutazama tuta limefika wapi. Walimwaga mawe na kifusi mbugani, wakashindilia, wakamwaga tena, tuta likapanda mpaka likazidi urefu wa watu wawili waliosimamiana mabegani. Juu yake wangeweka lami. Magari yangepita juu ya mbuga bila kuigusa!

Lakini tuta lile lilitukata. Sisi huku, maduka kule, na ng'ombe wetu walikuwa wanachungwa pande zote mbili. Wazee wakamwendea injinia wa barabara, wakamwomba aache njia ya kupita chini. Injinia alikuwa mtu mwelewa. Akawauliza, upana gani? Wazee hawakutaja futi wala mita. Walikwenda wakaleta dume kubwa kuliko yote kijijini, wakalisimamisha mbele yake, wakasema, "Pima hii. Kutoka ncha ya pembe mpaka ncha ya pembe. Halafu ongeza mtu na fimbo yake." Injinia akapima kweli, akaandika kwenye daftari, na kalavati ikajengwa ya zege, ndefu na nyembamba, dume liingie na mchungaji wake, basi.

Wazee walifurahi, wakachinja mbuzi. Walipima dume vizuri kabisa. Hawakupima ukwe.

Nieleze kwa wasiotujua. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si chuki, ni heshima, tena heshima yenyewe ni kubwa mno. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia, anaingia kwenye majani, anageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Hawasalimiani kwa mkono, hawali chumba kimoja, na kugusana ni jambo ambalo watu hawalisemi hata kwa utani. Sheria hiyo ilitufaa miaka yote kwa sababu kila njia ina majani pembeni. Sasa niambie, ndani ya kalavati utaingia majani gani? Kulia zege, kushoto zege, juu basi la Mwanza.

Wiki ya kwanza tu mama mmoja alikutana na mkwe wake katikati, wote wawili wakageuka wakakimbia, kila mmoja akatokea alikoingilia, na shughuli zao za siku hiyo zikafa. Watu walicheka mwezi mzima. Baada ya hapo ukazaliwa utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Ukifika mdomoni mwa kalavati unasimama, unapaza sauti, "Mkwe yumo?" Sauti inazunguka kwenye zege mpaka upande wa pili. Aliyemo anajibu, "Hayumo, pita!" au anajitaja yeye ni nani wa nani, na wewe unapiga hesabu ya undugu hapo hapo. Hata watoto waliokuwa hawana mkwe duniani waliita, kwa raha ya mwangwi tu.

Na chini pale pakawa mtaa! Kulikuwa na kivuli mchana kutwa na upepo unaopita moja kwa moja. Midomoni mwa kalavati kinamama walitandika magunia wakauza dagaa na furu wa kukausha, akaja fundi baiskeli, akaja mzee wa ugoro, na mitumba ikaja. Sitasahau siku ya kwanza nilipoona lundo la mitumba limemwagwa chini kwenye turubai. Baada ya miaka ya gauni moja, lundo! Nilipiga magoti nikaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Juu yetu lori lilipita, zege likanguruma, vumbi laini likatudondokea kichwani, na hakuna aliyeacha kuchambua.

Muuzaji wa mitumba ile alikuwa kijana wa upande wa Butiama. Alikuja na baiskeli, mzigo umefungwa nyuma mrefu kumzidi yeye, na nilianza kumjua kwa sauti kabla ya uso. Siku hiyo, kabla lundo lile halijamwagwa, nilikuwa ndani ya kalavati nimebeba ndoo, nikasikia mtu anaita kutoka upande wa pili, "Mkwe yumo?" Sauti ngeni. Nikamjibu, "Wewe mkwe wako nani?" Akasema, "Sina bado." Nikamwambia, "Sasa unaitaga nini kama huna?" Akasema, "Nauliza tu kama yumo, nianze kumwogopa mapema."

Nilicheka mpaka ndoo ikayumba. Nikatoka upande wake nikiwa nimelowa bega lote, nikamwona, mrefu, amevaa koti la mzungu fulani lenye mikono mifupi, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kubaliwa. Sikumpa jibu siku ile, hata kidogo. Nilimpa wiki iliyofuata.

Mambo yakaenda haraka. Wakaleta mshenga, mjomba wake, mtu wa maneno mengi na kofia ya manyoya. Baba akakubali. Shangazi, dada yake baba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya binti, alikunja uso kidogo kuhusu kazi ya mitumba, akauliza kama ni kazi au ni uzururaji, lakini naye akakubali. Tangu hapo yule kijana akawa mkwe, na mama akaanza kumkwepa kwa bidii. Akitaka kwenda madukani alituma mtu kwanza atazame kama turubai la mitumba limetandikwa. Likiwa limetandikwa, hakwenda. Nilimwona mama akinywa chai bila sukari siku tatu kwa ajili ya heshima.

Ikabaki siku ya ng'ombe. Ng'ombe wa mahari wangetoka kwao wakaja kwa miguu, wakapita chini ya lami, wakaingia zizini kwa baba. Kwetu wakishaingia zizini ndipo umeolewa, na kabla hawajaingia bado u msichana wa kwenu, hata kama nguo ya harusi imeshonwa. Siku hiyo bwana harusi haswagi ng'ombe mwenyewe. Anaweza kuwafuata kwa mbali, lakini anabaki nyuma mpaka aitwe. Na binti anakaa ndani.

Mimi kukaa ndani! Asubuhi ile nilikuwa nikisimama nakaa, nakaa nasimama, mpaka shangazi akaniuliza kama nina siafu. Walisema ng'ombe watafika mchana. Nilijua ni uongo. Jana yake watu waliotoka Nyamuswa walikuwa wamewapita njiani, na mwendo wa ng'ombe naujua. Shangazi alipoingia jikoni nikajifunga kanga ya kazi, nikajifunika kichwa kama mwanamke anayekwenda kuchota maji, nikatokea nyuma ya nyumba. Nikapita mashamba ya pamba, nikapanda tuta kwa mikono na magoti, nikafika juu, kwenye lami.

Ukiwa juu pale unaona dunia. Huku ziwa linang'aa kwa mbali, huku maduka na mabati mapya yaliyoanza kuota tangu ruksa. Na kutoka upande wa maduka, wakinyoosha mstari mbugani, walikuja ng'ombe wangu. Nasema wangu! Weupe, wekundu, mmoja wa madoa, na nyuma kabisa dume jeusi lenye nundu. Mshenga alikuwa mbele na kofia yake. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu juu ya barabara. Nilijiziba mdomo kwa kanga.

Ndipo nilipotazama upande wa pili, upande wa kwetu, nikamwona mama.

Alikuwa anakuja mbio mbio akishuka kwenye mdomo wa kalavati. Nilijua mara moja anakwenda nini. Tulikuwa tumenunua kila kitu cha wageni isipokuwa chupa ya chai. Mama hakuwahi kuwa na chupa ya chai maisha yake yote, na sasa zilikuwepo madukani, zenye maua mekundu, naye alitaka wageni wale wamiminiwe chai kutoka kwenye chupa yake. Yeye pia aliamini ng'ombe watafika mchana. Akasimama mdomoni, akaita kwa adabu yake yote, "Mkwe yumo?"

Mshenga alikuwa anaingia upande wa pili. Akajibu, "Hayumo, mama, ni ng'ombe tu! Jibane ukutani upite!"

Alisema kweli. Mkwe alikuwa amebaki nyuma madukani kama inavyotakiwa. Mama akaingia.

Ng'ombe wakaanza kuzama chini ya miguu yangu mmoja mmoja. Nilisikia kwato zao kwenye zege. Lakini dume lilipofika mdomoni likakataa. Lilikita miguu, likapuliza puani, likageuza kichwa. Vijana waliokuwa wanaswaga walilichapa, wapi. Lilikuwa limelelewa kwao kijana tangu likiwa ndama, na lilimsikiliza mtu mmoja tu duniani. Nikamwona huyo mtu mmoja anatoka madukani anakimbia. Hakujua kuna nani ndani. Alilipigia mluzi, akaliwekea mkono kwenye nundu, likamfuata kama mbuzi, wakaingia wote wawili.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sijawahi kuliandika. Nilikuwa juu yao. Nilijua mama yumo na mkwe yumo. Ningepiga kelele moja tu, "Mama, toka, mkwe yumo!" angesikia. Lakini ningepiga kelele kila mtu angeinua macho, wangemwona bibi harusi amesimama katikati ya lami siku ya mahari yake. Nikaona aibu. Nikakimbia upande huu wa tuta kuchungulia kama mama ametoka, nikakimbia upande ule, nikarudi tena, nikiruka juu ya lami kama kuku aliyemwona mwewe. Na basi la kutoka Musoma likaja.

Dereva aliona mwanamke anakwenda huku na huku barabarani. Akapiga honi. Zile honi za mabasi ya wakati ule, za upepo, ndefu. Nikaruka pembeni. Basi likapita juu ya kalavati kwa kishindo, honi ikiwa bado inalia, na chini yangu nikasikia dume linanguruma na kwato zote zinatimka kwa pamoja. Kisha nikasikia sauti ya mama, mara moja, ikakatika.

Sijui nilishukaje tuta lile. Nilifika chini upande wa kwetu wakati ng'ombe wanatoka mbio, macho meupe, mshenga akiwa ameanguka kwenye majani na kofia imepotea. Wakatoka wote. Dume likatoka likiwa na damu begani lilipojikwaruza. Na nyuma ya dume akatoka mchumba wangu, koti limechanika mgongoni, amembeba mama yangu mikononi.

Amembeba kama mtoto mchanga. Kanga ya kichwani imeanguka, kichwa cha mama kiko wazi, sikio lake liko kifuani kwa kijana.

Na wakati ule ule shangazi alikuwa anashuka kutoka nyumbani na kinamama kuja kupokea ng'ombe. Alikuwa ameanza kigelegele. Nilikisikia kikipanda, halafu kikafa katikati.

Kijana akamweka mama chini kwenye nyasi, taratibu. Nikadhani ndipo alipotambua amembeba nani. Niliiona sura yake inabadilika. Akarudi nyuma, akapiga magoti akiwa amewapa watu mgongo, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mama naye akavuta upande wa kanga ya kiunoni akajifunika kichwa. Ng'ombe walikuwa wameanza kula majani.

"Amemshika," shangazi akasema. "Mbele ya watu. Kichwa kitupu."

Tulirudi nyumbani kama watu wanaotoka mazikoni. Mama aliingizwa ndani, mguu umevimba lakini mzima. Mimi nilisukumwa ndani nyuma yake, na katika vurugu ile hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Wanaume wakakaa uani. Ng'ombe wakasimamishwa nje ya zizi, na baba akasimama mbele ya lango akiwa ameshika miti yake, hakuifungua. Niliona yote kupitia tundu la dirisha.

Mshenga alijitahidi. Alisema wataleta kondoo wa kuosha kosa, kondoo mweupe, hata wawili. Shangazi akasema, "Kondoo anaoshaga aliyekosea njiani, akamgusa kwa bahati mbaya na bega. Huyu amebeba. Mwanaume anabebaga mke wake. Sasa amemwoa nani, mama au binti?" Wazee wakaguna. Akaongeza, "Na ile honi? Mmeisikia? Basi linapitaga pale kila siku, honi kama ile haijawahi. Ni ishara. Ng'ombe zirudi." Nikaona mzee mmoja anatingisha kichwa kukubali, na mwingine. Baba alikuwa anatazama chini. Mchumba wangu alikuwa amekaa mbali kabisa, nje ya ua, amejiinamia, na ng'ombe wake wakimnusa.

Nikaanguka kwenye mkeka kando ya mama, nikalia. Nikamwambia, "Mama, honi ile si ishara. Ni mimi. Nilikuwa nimesimama barabarani nawatazama ng'ombe. Nilimwona anaingia, sikupiga kelele, niliona aibu."

Mama alikuwa anajikanda mguu kwa maji ya moto. Hakuinua uso. "Najua," akasema. "Nilipoisikia tu nikajua. Nani mwingine angesimama katikati ya lami kama mbuzi?"

Nikashindwa hata kulia vizuri.

"Basi uliyeharibu ndiye atengeneze," akasema. "Mimi siwezi kutoka mbele ya wakwe. Wewe toka. Waulize wazee swali moja, useme limetoka kwangu. Waulize, siku nikifa, nani watanibeba kwenda kaburini?"

"Mama, siwezi kutoka, mimi ndiye..."

"Umeweza kupanda tuta."

Nikatoka. Kanga ya kazi, matope magotini, macho mekundu, na wanaume wote wa koo mbili wananitazama. Kwanza nikasema habari ya honi, kwamba ilikuwa yangu, kwa sababu nilijua nisipoanza nayo sitaisema milele. Kisha nikasema, "Mama anauliza, siku akifa, nani watambeba kwenda kaburini?"

Wazee wakatazamana. Kila mtu alijua jibu. Kwetu jeneza la mama mkwe hubebwa na wakwe zake, waume wa binti zake. Hapo tu ndipo heshima inawaruhusu kumkaribia. Mzee mkubwa kuliko wote, yule yule aliyekuwa anatingisha kichwa ng'ombe warudi, akasema polepole, "Wakwe."

Nikarudi dirishani, nikamwambia mama jibu. Mama akasema maneno yake kwa sauti ya chini, lakini ua wote ulikuwa kimya na nadhani walimsikia kabla sijayarudia. Nikayarudia hata hivyo, kwa sababu nilitaka yapite mdomoni mwangu.

"Mama anasema, wengine wote watambeba akiwa hasikii. Huyu amembeba angali anasikia, na mzigo ameuona mapema. Anasema kama kuna mkwe mwingine anayejua uzito wake, mleteni. Kama hayupo, huyo kondoo mweupe aje, na lango lifunguliwe, wageni hawajanywa chai."

Mshenga ndiye aliyeanza kucheka. Akajaribu kuzuia, akashindwa, akacheka mpaka akajishika magoti. Yule mzee akafuata. Kisha nikamsikia baba, ambaye huwa hacheki, anacheka akiwa amegeukia lango, na mkono wake unavuta mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shangazi alisimama peke yake kidogo. Halafu ng'ombe wa madoa akaingia zizini kama mtu anayejua kwake, na shangazi akakiachia kile kigelegele, kizima safari hii, mpaka ng'ombe wakashtuka upya. Nilipiga kelele. Niliruka. Sikujali tena nani ananiona!

Chai ilinywewa kutoka kwenye sufuria. Nilipoingia ndani kuchukua vikombe nikamkuta mama amekaa pale pale, mguu kwenye beseni. Nikapiga magoti nikamshukuru. Nilitaka kumwambia maneno mengi, akanizuia kwa mkono.

"Mle ndani nilikuwa nimeanguka," akasema. "Dume liko juu yangu. Alipita juu ya migongo ya ng'ombe akanifikia, akanitambua. Nilimsikia anasema, 'Mama mkwe,' kama mtu aliyeona nyoka. Angeweza kuniacha hapo, na hakuna mzee ambaye angemlaumu."

Akagusa sikio lake.

"Nilikuwa nimelala hapa, kwenye kifua chake. Moyo wake ulikuwa unapiga, mwanangu, ulikuwa unapiga! Alikuwa ananiogopa mimi kuliko dume. Na hakuniachia."